Jinsi ya kuomba ruzuku ya RTP ya kujenga na kukarabati njia za matembezi Marekani

Marekani ina mfuko wa serikali kuu uliotengwa kwa ajili ya njia za burudani: za miguu, baiskeli, farasi, magari ya theluji na pikipiki za porini. Unaitwa Recreational Trails Program, kwa kifupi RTP. Ulianzishwa kwa sheria ya usafiri ya mwaka 1991 na leo umo katika kifungu cha 206 cha sura ya 23 ya sheria za nchi. Chanzo chake ni kodi ya mafuta yanayochomwa na vyombo vya burudani visivyopita barabarani. Mamlaka ya Barabara Kuu ya serikali kuu, FHWA, huzigawa fedha hizo kwa majimbo: nusu kwa usawa, nusu kwa kadiri ya mafuta ya burudani yanayotumika katika kila jimbo. Kwa miaka mingi kiasi cha nchi nzima kimekuwa takriban dola milioni 84 kwa mwaka, na sheria ya miundombinu ya 2021 ilikiendeleza hadi mwaka wa fedha 2026.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeandaa ombi kwa niaba ya mji mdogo, hifadhi, kikundi cha waendesha baiskeli au chama cha wakazi, wakiwamo Waswahili wa Maine, Kentucky, Minnesota na kwingineko ambao vyama vyao vina watu wenye nguvu na nia lakini havijawahi kugusa ruzuku ya serikali. Jambo la kulishika kabla ya yote: RTP haitangulizi fedha. Mnalipa kwanza, mnathibitisha kwa karatasi, ndipo mnarudishiwa. Mara nyingi kinachouangusha mradi ni karatasi na akiba, hata pale ambapo kazi ya jembe imefanywa vizuri kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisheni mradi unafaa

Sheria inaruhusu kazi hizi: kutunza na kukarabati njia zilizopo, kujenga au kurekebisha maegesho, vyoo na mabango kwenye kianzio cha njia, kuunganisha njia na njia, kununua au kukodi mashine na zana za njia, kujenga njia mpya, kununua ardhi au haki ya kupita kwa mwenye ardhi aliyekubali mwenyewe, kukagua hali ya njia, na mafunzo ya usalama na utunzaji wa mazingira. Jimbo linaweza kutumia hadi asilimia 5 ya mgao wake kwa mafunzo hayo, na hakuna kinachozuia vipeperushi vyake kuandikwa kwa Kiswahili pale ambapo watumiaji wanakisoma.

Haifai kuchukua ardhi ya mtu kwa nguvu ya sheria, hata kipande kidogo. Haifai kufungulia vyombo vya injini njia ambayo tangu awali ni ya miguu tu. Njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara ya mtaa kwa kawaida haikubaliwi, isipokuwa ni kipande kinachoziba pengo kati ya njia mbili za burudani. Ombi la kujenga njia ya kando ya barabara lipelekwe kwenye fungu jingine la usafiri la serikali kuu, Transportation Alternatives.

Kila jimbo linatakiwa kugawa fedha zake hivi: asilimia 30 kwa njia za vyombo vya injini, asilimia 30 kwa njia zisizo za injini, na asilimia 40 kwa njia za matumizi mchanganyiko. Majimbo madogo kabisa, kama Rhode Island na Delaware, yamesamehewa mgawanyo huo. Mgawanyo huu si takwimu ya kupita tu. Njia inayotumiwa na watembeao, baiskeli na farasi kwa pamoja inaweza kuingia kwenye fungu la asilimia 40, ambalo ndilo kubwa. Ikiwa ya watembeao peke yao, inabaki kwenye fungu la 30 pamoja na waombaji wengine wengi. Kama ardhi na vipimo vinaruhusu watumiaji zaidi ya aina moja, waandikeni. Msiwaandike kwa ajili ya alama ambazo jimbo huyapa maombi peke yake, kwani njia yenye upana wa inchi 24 haibebi farasi na baiskeli kwa usalama, na mkaguzi atauliza.

Ushauri wetu ni kwamba ombi la kwanza liwe la ukarabati wa njia iliyopo. Haki ya ardhi huwa imeshatulia, uchunguzi wa mazingira ni mwepesi, gharama zinakadirika, na mnajenga jina kwa ofisi ya jimbo. Njia mpya iwe ombi la pili.

Hatua ya 2: Mpigieni simu msimamizi wa jimbo kabla ya kuandika chochote

Ombi haliendi Washington. Gavana huteua idara ya jimbo kuendesha mpango, mara nyingi idara ya hifadhi au ya maliasili. Kwa mfano, Colorado ni Colorado Parks and Wildlife. Orodha ya wasimamizi wa majimbo yote ipo kwenye tovuti ya FHWA. Gavana ana haki ya kujitoa kwenye mpango kwa mwaka fulani, kwa hiyo ulizeni kama dirisha litafunguliwa kweli.

Maswali ya kuuliza kwenye simu hiyo ya kwanza: Nani anaruhusiwa kuomba? Majimbo mengine hupokea vyama visivyo vya faida, mengine yanataka mji au kaunti iwe mwombaji. Kiwango cha chini na cha juu ni kiasi gani? Saa moja ya mtu wa kujitolea inahesabiwa dola ngapi? Gharama za usanifu zilizotumika kabla ya mkataba zinakubaliwa? Marejesho huchukua wiki ngapi, na jimbo linashikilia sehemu gani hadi ukaguzi wa mwisho? Andikeni majibu, na mtume barua pepe fupi ya kuyathibitisha. Watumishi hubadilika, na jibu la mdomo halina nguvu mwaka unaofuata.

Kila jimbo lina pia kamati ya ushauri ya njia, yenye wawakilishi wa watumiaji wa injini na wasio wa injini, ambayo lazima ikutane angalau mara moja kwa mwaka wa fedha. Mara nyingi ndiyo inayotoa alama. Kama mikutano yake iko wazi, hudhurieni mmoja, msikilize wanachokipigia kelele.

Hatua ya 3: Namba za usajili

Mwombaji anahitaji namba ya UEI, ya kuitambulisha taasisi mbele ya serikali kuu, yenye herufi na tarakimu 12, inayotolewa bure kwenye SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali kuu. Ilichukua nafasi ya namba ya DUNS mwezi wa Aprili 2022. Kwa kuwa fedha zinawafikia kupitia jimbo, kanuni za serikali kuu zinataka UEI peke yake. Hata hivyo jimbo linaweza kudai usajili kamili, ambao huhuishwa kila mwaka.

Kinachochelewesha ni jina. Jina la chama kwenye barua ya mamlaka ya kodi, kwenye cheti cha jimbo na kwenye akaunti ya benki liwe lilelile, herufi kwa herufi. Tofauti ya neno "Inc." inaweza kula wiki kadhaa. Mkipokea barua inayotaka malipo kwa ajili ya "kukamilisha usajili" wa SAM, itupeni. Usajili haulipiwi.

Hatua ya 4: Haki ya ardhi

Chukueni ramani ya viwanja ya kaunti, chora mstari wa njia juu yake, kisha orodhesha kila kiwanja ambacho mstari unagusa, hata kwa futi kumi. Kwa kila kiwanja muwe na hati ya umiliki, haki ya kupita iliyosajiliwa, au kibali cha maandishi kilichosainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kusaini. Ulizeni jimbo kibali hicho lazima kidumu miaka mingapi. Kibali cha mwaka mmoja kinachoweza kufutwa wakati wowote hakitakubaliwa kwa njia ya changarawe au daraja.

Mtego mkubwa uko kwenye ukanda wa nyaya za umeme na wa reli za zamani. Kampuni ya umeme mara nyingi haimiliki ardhi iliyo chini ya nyaya. Ina haki ya kupitisha nyaya tu. Kibali chake peke yake hakiwapi umma haki ya kutembea pale, na mwenye ardhi halisi asipokubali hamna njia. Reli iliyoachwa nayo inaweza kuwa imerudi kwa wamiliki wa pembeni. Mpeni mwanasheria au ofisi ya hati aitafute historia ya ukanda huo mapema. Kazi hii ikiachwa hadi mwezi wa mwisho, haimaliziki.

Kwenye ardhi ya serikali kuu, kama msitu wa taifa, mradi lazima uendane na mpango wa usimamizi wa eneo husika, na barua ya meneja wa eneo iwemo kwenye ombi.

Hatua ya 5: Tembeeni njia yote mkiwa na vipimo

Hapa ndipo ombi linapopata uzito. Mwombaji anayeandika "njia imeharibika, inahitaji matengenezo" atapitwa na yule anayeandika "futi 1,240 kutoka kianzio, maji yamechimba mfereji wa kina cha inchi 9 kwa urefu wa futi 85, mteremko hapo ni asilimia 17."

Bebeni klinomita ya kupima mteremko, gurudumu la kupimia urefu au GPS, bendera ndogo za waya, futi ya mkanda na kamera. Anzeni sifuri kwenye kianzio. Kila penye tatizo, andikeni umbali, aina ya tatizo, urefu na kina, mteremko wa njia, mteremko wa kilima pembeni, na suluhisho. Pigeni picha moja kuelekea mbele na moja kuelekea nyuma. Rudini mara moja wakati wa mvua, kwa sababu mahali maji yanapoingia njiani ni tofauti na mahali uharibifu unapoonekana. Mfereji unaonekana chini, lakini chanzo chake kinaweza kuwa futi mia tatu juu.

Vipimo vinavyokubalika na wajenzi wa njia za udongo ni hivi. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inachokatiza: kilima kikiwa asilimia 16, njia isizidi 8. Njia ikizidi nusu, maji hayavuki. Yanageuka na kuifuata njia yenyewe kama mfereji. Wastani wa njia nzima uwe asilimia 10 au chini. Uso wa njia ulalie upande wa bondeni kwa takriban asilimia 5 ili maji yatoke kama shuka pana badala ya kukusanyika. Na kila baada ya umbali fulani, njia inayoshuka ipande kidogo kisha iendelee kushuka, ili maji yatoke pale chini ya kipandio. Udongo ukiwa laini na kilima kikali, vipandio hivyo viwe karibu karibu. Hivi vinadumu kuliko magogo ya kuzuia maji yanayolazwa kwa mshazari, ambayo hujaa mchanga na kupitwa baada ya misimu michache.

Kama mnataka njia ifikike kwa viti vya magurudumu, vipimo vya ardhi ya serikali kuu ndivyo vya kufuata hata mahali pengine. Upana usiopungua inchi 36, uso imara usiotitia, na mteremko wa asilimia 5 kwa umbali wowote. Unaruhusiwa kufika asilimia 8.33 kwa futi 200, asilimia 10 kwa futi 30 na asilimia 12 kwa futi 10, kukiwa na mahali pa kupumzikia kila mwisho wa kipande kama hicho. Sehemu zinazozidi asilimia 8.33 zisivuke asilimia 30 ya urefu wote. Njia nyembamba kuliko inchi 60 iwe na mahali pa kupishana kila futi 1,000. Andikeni vipimo halisi kwenye kibao cha kianzio: mtu mwenye kiti anataka kujua mteremko mkali kuliko wote na urefu wake, aamue mwenyewe.

Sasa kokoto, kwa sababu hapa bajeti nyingi hupasuka. Maili moja ni futi 5,280. Njia ya upana wa futi 4 yenye tabaka la inchi 4 la mawe yaliyosagwa inahitaji 5,280 × 4 × 4 ÷ 12, yaani futi za ujazo 7,040. Gawanyeni kwa 27, mnapata yadi za ujazo 261. Hiyo ni baada ya kushindiliwa. Ongezeni asilimia 25 kwa ajili ya kushuka na kupotea, mnafika yadi 326, yaani safari 24 za lori la yadi 14. Je, lori linaweza kufika kwenye njia? Kwa kawaida halifiki. Kila yadi itabebwa tena kwa toroli la injini kutoka maegeshoni, na gharama hiyo inaweza kuzidi bei ya mawe yenyewe. Iwekeni kwenye bajeti kama mstari wake peke yake.

Agizeni mawe yaliyosagwa pamoja na vumbi lake, si kokoto za mto zilizo duara. Kokoto za duara hazishikani hata zikishindiliwa, na baiskeli na viti vya magurudumu huzama. Penye udongo wa tope, tandikeni kwanza kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe. Bila hicho tope hupanda na mawe huzama, na tabaka mlilolipia linapotea.

Hatua ya 6: Bajeti na mchango wenu

Serikali kuu hulipa hadi asilimia 80 ya gharama zote. Asilimia 20 ni mchango wa mwombaji. Katika majimbo yenye ardhi kubwa ya serikali kuu sehemu ya serikali inaweza kupanda kidogo. Kosa la kila mwaka ni kupiga asilimia 20 ya ruzuku badala ya asilimia 20 ya mradi mzima. Ukiomba dola 80,000, mchango ni dola 20,000, jumla 100,000. Ukiandika mchango wa 16,000, jumla inakuwa 96,000 na sehemu ya serikali imefika asilimia 83.3. Njia rahisi: gawanya ruzuku kwa nne.

Mchango unaweza kuwa fedha taslimu, vifaa, mashine, ardhi au saa za kujitolea. Majimbo mengi yana kiwango chake cha saa. Mengine hutumia kile kinachotangazwa na shirika la Independent Sector, ambacho kwa mwaka 2023 kilikuwa dola 33.49 kitaifa. Tukitumia kiwango hicho: watu 20, saa 6 kwa siku, siku 8, ni saa 960, sawa na dola 32,150.40. Chama chenye watu wa kujituma kinaweza kutoa mchango wote bila kuchangisha fedha nyingi. Hii ndiyo nguvu halisi ya vyama vidogo kwenye RTP, na inasikitisha kuona vingi vikiogopa kuomba kwa kudhani lazima viwe na benki iliyojaa.

Lakini saa isiyoandikwa haipo. Kila siku ya kazi iwe na karatasi yenye jina, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kazi iliyofanyika, kipande cha njia, saini ya mtu mwenyewe na ya msimamizi. Fundi anayejitolea kwa ufundi wake, kama seremala kwenye daraja, anaweza kuhesabiwa kwa kiwango cha soko cha ufundi huo. Mwanasheria anayebeba mawe anahesabiwa kama mbeba mawe. Saa zilizotumika kabla ya mkataba kusainiwa kwa kawaida hazihesabiki, isipokuwa kazi za usanifu na uchunguzi wa mazingira zilizofanyika ndani ya miezi 18 iliyotangulia, na hata hizo jimbo lilikubali kwa maandishi. Mchango uliotumika kwenye ruzuku nyingine ya serikali kuu haurudiwi hapa.

Kisha pangeni mtiririko wa fedha, mwezi kwa mwezi. Mkandarasi akidai dola 40,000 mwezi wa Juni na jimbo likarudisha mwezi wa Septemba, nani anaibeba miezi hiyo mitatu? Suluhisho linalofanya kazi ni mji au kaunti kutanguliza kwa barua rasmi, kugawa kazi katika vipande vidogo, na kudai marejesho kila mwezi badala ya mwisho. Bei nazo ziwe za wakati wa ujenzi. Kati ya ombi na jembe la kwanza mwaka mzima au zaidi unaweza kupita.

Hatua ya 7: Mazingira na mambo ya kale

Miradi mingi ya RTP huingia kwenye kundi lisilohitaji tathmini kamili ya mazingira. Hilo halimaanishi hakuna uchunguzi. Lazima ofisi ya urithi wa kihistoria ya jimbo ipitie mradi chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya 1966 ya kuhifadhi urithi wa kihistoria, mataifa ya wenyeji asilia yashirikishwe, na viumbe vilivyo hatarini viangaliwe. Orodha ya viumbe mnaipata kwenye tovuti ya IPaC ya idara ya samaki na wanyamapori, kwa kuchora mradi kwenye ramani. Mkigusa ardhi oevu au mto, ulizeni kikosi cha wahandisi wa jeshi kuhusu kibali cha kifungu cha 404 cha sheria ya maji safi.

Ofisi ya urithi ina siku 30 kujibu tangu ipate taarifa kamili. Ikipungukiwa picha moja, siku hazijaanza kuhesabiwa. Tumeni ramani, picha, kina cha uchimbaji na upana wa eneo lote litakaloguswa. Eneo lote ni pamoja na mahali pa kuegesha mashine, pa kurundika mawe na njia ya lori kuingia. Sehemu hizo ndizo husahaulika, na mradi husimamishwa zinapoguswa bila idhini.

Kalenda nayo inabadilika kwa sababu ya viumbe. Mashariki na katikati ya nchi kuna popo wanaolindwa, kama popo wa Indiana na yule wa kaskazini mwenye masikio marefu, na kukata miti mara nyingi huzuiwa majira ya joto. Miti ikatwe wakati wa baridi, na mkataba wa mkandarasi useme hivyo.

Msichimbe chochote kabla ya idhini. Kuanza mapema kunaweza kuufanya mradi wote usilipwe, hata sehemu iliyofanyika baadaye kwa usahihi.

Hatua ya 8: Kuandika ombi

Pateni karatasi ya alama ya jimbo lenu, muandike kwa mpangilio wake uleule, swali kwa swali. Ramani iwe na kipimo, kaskazini, mipaka ya viwanja na namba za sehemu mlizopima katika hatua ya 5. Barua za kuunga mkono ziwe chache zenye ahadi: shule itakayoleta wanafunzi siku fulani, chama cha farasi kitakachotoa matrekta, mji utakaofagia maegesho. Barua ishirini zenye maneno yaleyale hazisaidii.

Mpango wa matunzo ndio wasomaji wa maombi huuangalia kwa jicho kali. Andikeni nani atakagua, mara ngapi, kwa bajeti gani, na kwa cheo, si kwa jina la mtu mmoja anayeweza kuhama.

Hatua ya 9: Baada ya kupewa

Barua ya pongezi si ruhusa ya kuanza. Subirini mkataba uliosainiwa na pande zote pamoja na taarifa ya maandishi ya kuanza kazi. Risiti ya siku moja kabla ya tarehe hiyo mtailipa wenyewe.

Manunuzi yafuate kanuni za jimbo: bei tatu za maandishi au zabuni ya wazi, kulingana na kiasi. Hifadhini hata bei za walioshindwa. Vikosi vya vijana vya uhifadhi vinavyotambuliwa vinaweza kupewa kazi bila ushindani, kwa mujibu wa sheria ya usafiri ya 2012. Ulizeni jimbo utaratibu wake, kwani ni nguvu kazi nzuri kwa njia za milimani. Kanuni za ujira za Davis-Bacon kwa kawaida hazihusu mradi wa RTP ulio nje ya eneo la barabara kuu inayopata fedha za serikali kuu. Njia ikipita ndani ya eneo hilo, ulizeni kabla ya kutangaza zabuni.

Chuma kinahitaji uangalifu. Kanuni ya Buy America inataka chuma na pua kinachobaki kwenye mradi, kama mihimili ya daraja, kalvati na boliti kubwa, kiwe kimetengenezwa Marekani katika hatua zote tangu kuyeyushwa. Msamaha ni mdogo: asilimia 0.1 ya thamani ya mkataba au dola 2,500, ile iliyo kubwa. Andikeni sharti hili kwenye agizo la ununuzi na mdai cheti cha kiwanda siku mzigo unapofika. Daraja likishafungwa, cheti ambacho hakikuja na mzigo ni vigumu sana kukipata, na fedha zake huzuiliwa. Mkinunua mashine, ulizeni jimbo kabla ya kuagiza.

Hatua ya 10: Jengeni, andikeni, daini

Kila dai la marejesho lina vitu vinne: fomu ya jimbo, ankara, uthibitisho kwamba ankara imelipwa, na ushahidi wa mchango wa kipindi hicho. Ankara peke yake haitoshi. Inahitajika hundi iliyopita benki au taarifa ya akaunti. Mchango uende sambamba na fedha. Mkidai asilimia 60 ya ruzuku huku mmeonyesha asilimia 10 ya mchango, jimbo litazuia.

Pigeni picha za kabla, wakati na baada, kutoka mahali palepale. Mabadiliko yoyote ya mstari wa njia, hata kukwepa mti mkubwa kwa futi ishirini, yaombewe idhini kwanza, kwa kuwa uchunguzi wa hatua ya 7 ulihusu mstari ule wa zamani.

Kabla ya ukaguzi wa mwisho, tembeeni njia na klinomita yenu tena mkilinganisha na michoro. Tafuteni mahali maji yanaposimama, ukingo wa udongo uliobaki upande wa bondeni, na mabango yasiyo na maelezo ya mteremko. Ukingo huo uondoeni wote. Ukiachwa, uso uliolalia bondeni hauna faida, kwa sababu maji yamezibiwa mlango.

Kumbukumbu zote zitunzwe angalau miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya matumizi, au zaidi jimbo likitaka. Chama kinachotumia fedha za serikali kuu za jumla ya dola 1,000,000 au zaidi kwa mwaka, kwa miaka ya fedha iliyoanza tangu Oktoba 2024, kinahitaji ukaguzi maalumu wa hesabu.

Matunzo yaanze msimu uleule: ukaguzi baada ya mvua kubwa ya kwanza, kusafisha vipandio na midomo ya kalvati majani yakishaanguka, kukata vichaka mwanzoni mwa kiangazi, na kujaza mawe pale yaliposhuka kwenye mwaka wa kwanza, wakati ambapo tabaka bado linakaa. Endeleeni kuandika saa za watu kwenye karatasi zilezile. Haziwezi kuwa mchango wa ruzuku iliyofungwa, lakini kwenye ombi lijalo zitaithibitishia kamati kwamba mnatunza mlichopewa.